Taa Isiyowaka Si Gurudumu Lililokwama

Wahenga walituachia usemi kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kuwa mawingu ndiyo mvua, wala hawakusema kuwa anayeona anga nyeupe juu ya paa lake ana hakika kwamba ng'ambo ya kilima hakunyeshi. Tofauti hiyo kati ya dalili na jambo lenyewe ni msingi wa taaluma ninayoifundisha, na kwa miaka mingi nimeieleza darasani kwa mifano ya kamusi na ya mashairi. Leo nakusudia kuieleza kwa mfano wa magurudumu ya ndege ndogo na kuukuu. Huko, anayechanganya dalili na jambo hapotezi alama za mtihani tu, bali aweza kuupoteza uhai wake na wa abiria wake.

Kila mara ndege ndogo inapotua kwa tumbo, iwe hapa nchini au ng'ambo, lawama huelekezwa pande tatu. Husemwa kwamba rubani alisahau kushusha magurudumu, au fundi alizembea, au ndege yenyewe ilikuwa nzee mno. Yamkini lawama hizo huwa za haki. Lakini yuko mshtakiwa wa nne ambaye ni nadra kutajwa, naye ni maneno: yale yaliyosemwa hewani, yale yaliyoandikwa kwenye daftari la hitilafu, na yale ambayo mtu mdogo aliona haya kumwambia mkubwa wake.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Ndege nyingi ndogo tunazoziona katika uwanja wa Wilson jijini Nairobi zina miguu isiyokunjwa. Zipo nyingine, hasa zilizoundwa Marekani baina ya miaka ya 1950 na 1980, ambazo hukunja miguu zikisharuka ili zisizuiwe na upepo, nazo hupata kasi zaidi kwa mafuta yale yale. Cessna 210, Cessna 182 RG na Piper Arrow ni za ukoo huo. Kampuni ya Cessna ilisimamisha uundaji wa ndege za injini moja ya pistoni mwaka wa 1986, na ilipourejesha katika miaka ya 1990 haikurudi na aina yoyote yenye miguu ya kukunjwa. Kwa hivyo kila Cessna ya injini moja ya namna hiyo iliyoko angani leo ni ya 1986 au ya kabla ya hapo. Nyaya zake, pete zake za mpira na swichi zake, kama hazijabadilishwa, zina umri mkubwa kuliko wa walimu wengi wanaosoma ukurasa huu.

Katika Cessna 182 RG, mota ya umeme huendesha pampu, na pampu husukuma mafuta mekundu ya haidroli kupitia mabomba membamba hadi kwenye silinda zinazoinua na kushusha miguu. Shinikizo la mafuta ndilo linaloishikilia miguu ikiwa juu. Ikisha kushuka, hushikwa na vifungo vya chuma. Kila mguu una swichi ndogo inayobonyezwa kifungo kinaponasa. Swichi zote tatu zikikubaliana, taa moja ya kijani huwaka mbele ya rubani.

Mwanaisimu akiitazama taa hiyo ataona sentensi. Taa inasema: mguu wa mbele umefungwa, na wa kushoto umefungwa, na wa kulia umefungwa. Ni kauli tatu zilizounganishwa kwa kiunganishi kimoja. Iwakapo, zote tatu ni kweli. Isipowaka, tunajua tu kwamba mahali fulani katika mnyororo huo pana kasoro, lakini hatuambiwi ni wapi. Huenda mguu mmoja haukushuka. Huenda ulishuka bila kufungwa. Huenda ulifungwa vizuri lakini swichi yake imejaa vumbi. Huenda waya umekatika, au balbu imeungua. Piper Arrow ina taa tatu za kijani, moja kwa kila mguu, nayo husema sentensi tatu fupi badala ya moja ndefu. Ni msemaji bora kidogo, ingawa naye ana mtego wake: rubani akiwasha taa za dashibodi, taa za miguu hufifishwa makusudi zisimwumize macho usiku. Akisahau na kuziacha mchana, zile za kijani zitaonekana kana kwamba zimezimika, ilhali zinawaka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa abiria katika ndege ya aina ya 182 RG, rubani akiwa kijana niliyewahi kumfundisha Kiswahili kabla hajageukia urubani. Tulikuwa tukirejea Nairobi kutoka uwanja wa changarawe ambako tulikuwa tumetua asubuhi. Alishusha wenzo wa magurudumu, tukasikia mota ikivuma kisha ikanyamaza, lakini taa ya kijani haikuwaka. Hakuropoka wala kubabaika. Alimwarifu mwongozaji, akaondoka katika msururu wa ndege zilizokuwa zikitua, akapata kimo salama, kisha akaniambia, "Mwalimu, tafadhali tazama dirishani upande wako. Gurudumu liko chini?"

Nilitazama nikaliona likining'inia. Nikajibu kwa uhakika wote wa mtu wa vitabu, "Liko chini."

"Limefungwa?" akauliza.

Nikanyamaza. Nilikuwa nimejibu swali la kwanza nikidhani nimejibu la pili. Kuwa chini ni jambo la mahali, nalo jicho laweza kulishuhudia. Kufungwa ni jambo la hali, na jicho la abiria haliwezi kulithibitisha. Tulipopita karibu na mnara, mwongozaji alisema kwa Kiingereza kwamba magurudumu yanaonekana kuwa chini. Nililipenda neno hilo "yanaonekana". Bwana yule alitoa ushahidi wa macho yake, asiongeze hata chembe.

Kijana wangu akabonyeza taa kuijaribu, ikawaka; kwa hivyo balbu ilikuwa nzima. Akakagua fyuzi, zikawa sawa. Akautoa mkono wa pampu ya dharura, akapiga mara moja na kuukuta mgumu tangu mwanzo. Huo nao ulikuwa ujumbe. Mkono ungekuwa mlegevu, angejua kwamba shinikizo limepungua na kazi ya kushusha miguu haijakamilika. Ugumu ule ulimwambia kwamba mafuta yamekwisha kusukuma hadi mwisho. Uwezekano mkubwa ukawa kwamba miguu imefungwa, na kwamba anayedanganya ni mpashaji habari. Hata hivyo hakuuchukulia uwezekano kuwa hakika. Alituagiza tukaze mikanda, akaomba gari la zimamoto liwe tayari, akatua polepole kama anayeweka yai juu ya meza. Miguu ilishika.

Siku ya pili nilimfuata karakanani, na huko ndiko nilikopata somo la makala haya. Daftari la hitilafu la ndege ile lilionyesha kwamba tatizo hilo lilikuwa limeandikwa mara tatu katika wiki chache zilizopita, na marubani tofauti. Kila mmoja aliandika maneno matatu au manne yenye maana kwamba taa ya gia haifanyi kazi. Chini ya kila lalamiko palikuwa na jibu la fundi: imekaguliwa, iko sawa. Mafundi hawakusema uongo. Kila mara waliinua ndege juu ya jeki, wakaunganisha umeme wa nje, wakakunja na kukunjua miguu, na taa ikawaka. Lakini ndege iliyo juu ya jeki ndani ya karakana haisukumwi na upepo, haina baridi ya angani, betri yake haijachoka, na haijatoka kurukaruka juu ya changarawe. Mafundi waliulizwa swali la jumla nao wakatoa jibu la jumla.

Safari hii kijana aliandika sentensi nne. Alieleza kwamba taa haikuwaka mara ya kwanza kushusha miguu baada ya kutua katika uwanja wa changarawe. Kwamba balbu ilijaribiwa ikawaka. Kwamba mota ilivuma kwa muda wa kawaida ikazima. Na kwamba mkono wa pampu ulikuwa mgumu tangu pigo la kwanza. Fundi mkuu, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, alizisoma mara mbili. Hakuigusa pampu wala silinda. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi ya mguu wa kulia, akakuta vumbi limegandamana nayo na waya wake umechubuka hadi shaba ikaonekana. Kazi iliyoshindikana mara tatu ilikwisha kabla ya chai ya saa nne. Maarifa ya mafundi yalikuwa yale yale, na vifaa ni vile vile. Kilichobadilika ni maelezo.

Naona baadhi ya wasomaji wakisema kwamba haya ni mambo ya Kiingereza, kwa kuwa vitabu vya ndege na madaftari yake huandikwa kwa lugha hiyo. Tusikimbilie huko kwanza. Tuitazame lugha yetu, kwani hakuna lugha inayomsaidia mtu kueleza hitilafu kama Kiswahili akiitumia kwa makini. Mtu akisema taa "haikuwaka", anaeleza tukio moja lililopita. Akisema "haijawaka", anatuambia kwamba bado anaingoja, na huenda ikachelewa tu. Akisema "haiwaki", imekufa kabisa. Akisema "huwaka, lakini mara nyingine hugoma", ametuelekeza kwenye waya uliolegea au swichi chafu. Ni viambishi vidogo tu, lakini kila kimoja kinampeleka fundi mahali pengine. Hali kadhalika, mguu "ulioshuka" si lazima uwe mguu "ulioshushwa". Katika Piper Arrow, shinikizo likitoweka miguu hushuka yenyewe kwa uzito wake, ule wa mbele ukisaidiwa na springi. Rubani akiandika kwamba miguu ilishuka pasipo yeye kuishusha, fundi ataanza kutafuta mahali mafuta yanapovujia. Wanafunzi wetu hukariri kauli ya kutenda na ya kutendeshwa ili wapite mtihani. Ni wangapi walioambiwa kwamba tofauti hiyo yaweza kuelekeza spana?

Utaratibu wa kutafuta hitilafu nao una mantiki ambayo mwalimu yeyote ataitambua. Huanzia kwenye lililo rahisi na kuelekea kwenye lililo gumu, na hutenga kwanza dalili na jambo. Je, balbu ni nzima? Fyuzi je? Betri ina nguvu, na altaneta inachaji? Mota dhaifu ya umeme haimalizi kazi, na lawama huangukia pampu isiyo na hatia. Kisha huja mafuta: yamo ya kutosha? Pampu inayovuma yenyewe kila baada ya dakika chache angani, hali rubani hajagusa kitu, inasema kwamba shinikizo linapungua na kwamba pana mvujo, mara nyingi katika pete za mpira zilizokauka ndani ya silinda. Ndipo hufuata swichi, nyaya, na mwishowe vyuma vyenyewe: vifungo, ekseli na maungio yaliyopata nyufa kwa uchovu wa miaka. Anayeruka hatua hubadilisha pampu ya bei ghali ilhali kasoro ilikuwa waya wa shilingi chache. Na asiyesoma maagizo, akaongeza mafuta ya breki ya gari badala ya yale mekundu ya ndege, huziharibu pete zote za mpira, akawa ameunda hitilafu mpya kumi kwa kujaribu kuponya moja.

Historia imetuonyesha gharama ya kupuuza haya. Tarehe 29 Desemba 1972 ndege kubwa ya Eastern Air Lines, safari nambari 401, ilikuwa ikikaribia Miami usiku. Taa ya gurudumu la mbele haikuwaka. Wahudumu wote wa chumba cha rubani wakazama katika taa hiyo, na hakuna aliyetambua kwamba ndege ilikuwa ikishuka polepole. Mwongozaji aliona kwenye rada kimo kisicho cha kawaida, lakini badala ya kuuliza kimo aliuliza mambo yanaendeleaje. Wao, wakifikiri anauliza habari za taa, walijibu kuhusu kurejea uwanjani. Ndege iliangukia kinamasi cha Everglades, na watu 101 kati ya 176 wakafariki. Gurudumu lilikuwa chini. Balbu ndizo zilizokuwa zimeungua.

Miaka sita baadaye, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United, safari nambari 173, ilizunguka karibu na Portland kwa muda upatao saa moja, nahodha akitayarisha watu kwa hofu kwamba mguu wa kulia haukufungwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kutu ilikuwa imekula chuma cha silinda, mguu ukaanguka kwa kishindo na kuharibu swichi yake ya taa. Wakati huo mafuta ya injini yalikuwa yakiisha. Wasaidizi wa nahodha walijua. Walitaja, wakagusia, wakadokeza, lakini hawakutamka kwa sauti ya kumzindua. Injini zilizima na watu 10 wakafa. Kutokana na msiba huo shirika hilo lilianza mwaka wa 1981 kuwafunza wahudumu wake namna ya kuzungumza kazini: mdogo kusema waziwazi, na mkubwa kusikiliza.

Hapa ndipo jambo hili linapoingia katika madarasa yetu. Sisi ni watu wa adabu. Mtoto hufunzwa kutomkatiza mkubwa, na mwanafunzi husema "nimeelewa, mwalimu" hata pale ambapo hakuelewa lolote. Adabu ni johari, nami si miongoni mwa wanaotaka itupwe. Lakini tumeifunza heshima bila kufunza njia ya heshima ya kupinga. Mwanafunzi aweza kusema, "Samahani mwalimu, naona jibu hili halikubaliani na lile la kwanza." Sentensi hiyo haina utovu wa adabu wowote, na siku moja, katika chumba cha rubani au chumba cha upasuaji, itaokoa mtu. Kuuliza si ujinga, tumezoea kusema. Mbona basi darasani anayeuliza huchekwa?

Sasa turudi kwenye suala la lugha. Sitetei kwamba mazungumzo ya redio yafanywe kwa Kiswahili. Rubani na mwongozaji wa safari za kimataifa sharti waelewane na wageni, na tangu Machi 2008 kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga zinawataka wafikie angalau kiwango cha 4 kati ya 6 cha umilisi wa lugha. Lakini tukumbuke kwamba wenye Kiingereza wenyewe walikiona Kiingereza cha kawaida kuwa hakitoshi. Miaka ya 1980 sekta ya ndege ya Ulaya ilitunga Kiingereza kilichorahisishwa kwa ajili ya vitabu vya ukarabati, ambamo kila neno hupewa maana moja na sentensi huwekewa kikomo cha urefu. Waligundua kwamba fundi anayesoma saa nane za usiku, katika lugha isiyo ya mamaye, hahitaji ufasaha wa kupendeza. Anahitaji usahihi.

Iwapo wao walijitunza hivyo, sisi tumefanya nini? Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 unahimiza mwanafunzi atende, si akariri tu. Lakini kuanzia darasa la nne sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili hubakizwa na methali na insha za harusi. Matokeo yake ni fundi ambaye hufikiri kwa lugha moja karakanani, huulizana na wenzake kwa lugha hiyo, kisha huandika kwa lugha nyingine maneno matatu ya kukariri: imekaguliwa, iko sawa. Kati ya alichokiona na alichokiandika pana shimo, na ndege hupita juu ya shimo hilo kila siku.

Dawa yake haihitaji fedha za wafadhili. Mwalimu wa Kiswahili na awape wanafunzi baiskeli mbovu, redio iliyonyamaza au bomba linalovuja, awaagize waandike sentensi nne: nini kilitokea, lini na baada ya nini, nini kimejaribiwa, na jaribio lilitoa jibu gani. Kisha mwanafunzi mwingine, ambaye hakukiona chombo, aseme angeanzia wapi kukitengeneza. Asipoweza, insha imefeli, hata iwe na tamathali za kupendeza kiasi gani. Mwalimu wa sayansi naye asione haya kueleza sababu ya jambo kwa Kiswahili, kisha awape wanafunzi istilahi ya Kiingereza watakayoikuta katika kitabu cha kampuni. Atakayekuwa amezoea kusema kweli kwa usahihi katika lugha anayoimudu hatashindwa kuihamisha kweli hiyo katika lugha ya pili. Asiyezoea atahamisha utupu.

Kijana wangu bado anarusha ndege. Nilipokutana naye juzi nilimwuliza kama ile 182 ingali hai. Akaniambia kwamba ingali inaruka, na kwamba taa yake ya kijani huwaka. Kisha akatabasamu na kuongeza, "Lakini mwalimu, hata ikiwaka bado nachungulia dirishani."